Barabara ya mtaa ipatikane kabla ya hati

Mikutano ya urasimishaji wa makazi katika mitaa mingi ya Dar es Salaam huanza kwa amani na kumalizika kwa ugomvi. Wananchi hukubaliana mapema kwamba mtaa upimwe na kila mwenye nyumba apate hati. Hukubaliana pia kwamba mtaa unahitaji barabara. Ugomvi huanza pale wataalamu wanapouliza barabara hiyo ipite kwa nani.

Hapo kila mmoja humnyooshea kidole jirani. Aliyejenga uzio wa matofali anasema alitumia fedha nyingi. Mwenye kibanda cha duka mbele ya nyumba anasema ndicho kinachosomesha watoto wake. Mzee aliyefika kwanza, wakati eneo lote lilikuwa shamba la mihogo, anauliza kwa nini akatwe yeye na si waliokuja baadaye. Mkutano unaahirishwa, mwaka unapita, na vichochoro vinazidi kuwa vyembamba.

Suala hili linawagusa watu wengi. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Idadi imezidi maradufu katika miaka 20, lakini upimaji wa viwanja haukwenda kwa kasi hiyo. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulisaidia baadhi, ila wananchi wengi waliendelea kununua vipande vya mashamba na kuandikishana mbele ya mjumbe. Makadirio mengi yanaonyesha kuwa wakazi saba kati ya kila kumi, au zaidi, wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa.

Wakazi hao si wavamizi kwa sababu tu hawana hati. Katika miaka ya 1960 sera ilikuwa kubomoa makazi duni. Miaka ya 1970 mwelekeo ulibadilika, na Manzese ikawa miongoni mwa maeneo yaliyoboreshwa badala ya kuvunjwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliweka wazi utaratibu wa urasimishaji na wa leseni za makazi, ambazo zilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa hiyo mlango wa sheria upo wazi. Kinachokwama ni makubaliano ya majirani wenyewe.

Jambo la kwanza ambalo kila mkazi anapaswa kulielewa ni kwamba wakati wa kutenga barabara ni kabla ya bikoni kuwekwa. Ramani ikishapitishwa, mawe yakishachimbiwa na hati zikishatoka, kupata hata mita moja ya njia kutahitaji ramani kurekebishwa, upimaji kurudiwa na hati kubadilishwa. Gharama itakuwa kubwa na kila mwenye hati atakuwa na nguvu ya kukataa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni hesabu, na hesabu hiyo inawahusu zaidi wafugaji na wafanyabiashara wadogo. Chukua mfano wa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Akitoa mita moja na nusu upande mmoja anapoteza mita za mraba 30, sawa na asilimia 7.5 ya kiwanja. Iwapo ardhi mtaani kwake inauzwa Sh20,000 kwa mita ya mraba, ametoa mali ya Sh600,000. Hiyo si fedha ndogo.

Sasa tuseme mkazi huyo anafuga kuku 300 wa mayai. Kuku mmoja hula takribani gramu 120 kwa siku, hivyo banda lote hula kilo 36. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 13, karibu mifuko 263 ya kilo 50. Kama gari haliingii na kila mfuko unabebwa kwa mkokoteni kutoka barabara kubwa kwa Sh1,000, anatumia Sh263,000 kwa mwaka kwa kubeba chakula tu. Bado mayai yanayovunjika njiani, mbolea inayolundikana kwa kukosa usafiri, na mnunuzi wa jumla anayekataa kushuka kwenye gari. Ndani ya miaka mitatu kipande kile cha ardhi kimekwishalipa.

Mama wa genge naye ana hesabu kama hiyo. Gunia la viazi au tenga la nyanya likishushwa mbali, gharama ya kulifikisha gengeni inaongezwa kwenye bei, na mteja wa kipato kidogo ndiye anayelipa. Upana wa lori la kawaida ni kama mita 2.5. Mtaa wenye uchochoro wa mita mbili hauwezi kufikiwa na lori la bidhaa, gari la kunyonya majitaka wala la zimamoto. Siku ya moto, uzio uliookolewa kwenye mkutano hautamsaidia mtu.

Hata hivyo, hesabu hizi hazimalizi ugomvi, na si haki kuwaita wabinafsi wote wanaopinga. Mwenye nyumba iliyo kando ya barabara kubwa tayari anafikiwa na gari. Akiambiwa avunje jiko lake ili wa ndani wapite, yeye anabeba hasara na wengine wanapata faida. Kumtaka akubali kwa ajili ya maendeleo ya mtaa, bila kumpa chochote, ni kumwomba alipe deni la watu 40. Ndiyo maana anakataa, na mtu yeyote mwenye akili zake angefanya vivyo hivyo.

Dawa yake ni majirani kufidiana. Kama nyumba mbili zitapoteza jiko na uzio vyenye thamani ya Sh3 milioni, na nyumba 40 za ndani zitafaidika, kila nyumba ikitoa Sh75,000 hasara imekwisha. Fedha hizo zinaweza kulipwa kwa awamu, au kwa matofali na nguvukazi kwa wasio na fedha taslimu. Mtaa ambao haupo tayari kuchanga kiasi hicho hauna sababu ya kumlaumu mwenye uzio.

Ushirikiano huo si ndoto. Huko Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi walishiriki katika ujenzi wa mifereji ya maji ya mvua na barabara za ndani. Ubungo Darajani nako, miaka ya 2000, wakazi walichanga fedha za upimaji na kuachia sehemu za viwanja vyao ili njia zipatikane. Maeneo hayo hayakuwa ya matajiri. Yalikuwa na watu waliokaa kikao mpaka wakaelewana.

Ni muhimu pia wananchi watofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Ardhi inayoachiwa kwa makubaliano ya urasimishaji ni mchango wa wakazi wenyewe. Serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya barabara kuu, bandari au mradi mwingine wa umma, hilo ni jambo jingine, na Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kiongozi anayewaambia wananchi wachangie ardhi katika jambo la pili anawadhulumu, na mwananchi anayedai fidia ya Serikali katika jambo la kwanza anachelewesha mtaa wake.

Wapangaji nao wasiachwe nje. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, si wa wenye nyumba peke yao. Mpangaji ana hofu ya kweli kwamba barabara ikifika kodi itapanda, na mwenye kibanda ana hofu ya kukosa mahali pa kuuzia. Ramani inayotenga barabara bila kutenga eneo la soko dogo itawarudisha wafanyabiashara kwenye hifadhi ya barabara hiyo hiyo, na baada ya hapo mgambo watafuata.

Kuhusu michango, uwazi ni lazima. Yapo maeneo ambako wananchi walilipa fedha za upimaji na kazi ikaishia kwenye ramani ya mkononi. Mwenyekiti wa mtaa na kamati yake wahakikishe upo mkataba wa maandishi na mpimaji mwenye usajili, fedha zinaingia kwenye akaunti na si mifukoni, malipo yanafuata hatua za kazi, na mapato na matumizi yanabandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Wananchi wasitarajie pia kwamba hati pekee italeta mkopo. Benki huangalia kipato cha kulipia deni kabla ya kuangalia dhamana.

Somo kubwa zaidi ni la wakulima walio pembezoni mwa miji, kama Chanika, Mkuranga, Kisarawe na Kibaha, ambao leo wanauza mashamba yao kipande kwa kipande. Wao ndio wanaochora mtaa wa kesho, hata kama hawajui. Ekari moja ina takribani mita za mraba 4,047. Katika shamba lenye umbo la mraba, njia ya mita sita kutoka mwanzo hadi mwisho inachukua chini ya asilimia 10 ya ekari hiyo. Mkulima akiitenga kabla ya kuuza kipande cha kwanza, kila kiwanja kinafikika na kila mnunuzi yupo tayari kutoa bei nzuri. Akiuza bila mpangilio, vipande vya mwisho vinabaki ndani bila njia, na ndivyo anavyoviuza kwa bei ya kutupa.

Halmashauri zinaweza kuwasaidia wakulima hao kwa gharama ndogo kwa kupeleka maofisa mipango miji huko mapema, kabla ya msingi wa nyumba ya kwanza kuchimbwa. Ofisa mmoja, kamba na mambo za miti ni nafuu kuliko mikutano ya ugomvi ya miaka 20 baadaye.

Kwa mitaa iliyokwishajengwa, kazi inayobaki ni ya wakazi. Wakutane, waonyeshane kwenye ramani ni nani atapoteza na ni nani atapata, wachange kumfuta machozi anayepoteza, kisha ndipo wamwite mpimaji aje na bikoni zake.