Aliyepigwa na jiwe kichwani si mlevi, wala hakurogwa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaotungojea ku nyumba, tunawaandikia kutoka Kalundu, penye bandari. Boti zikifika kutoka upande wa Fizi tunaona nani anarudi na kitu mfukoni, nani anarudi mikono mitupu, na nani anarudi akishikiliwa na wenzake. Aliyevunjika mguu anajulikana mara moja. Watu wanachanga, PDG wa shimo anatoa chochote, mtu wa kine anaitwa. Lakini yule aliyeangukiwa na jiwe kichwani, kidonda kikakauka, akatembea mwenyewe, hakuna anayemchangia. Tunamwambia: "Mungu ni mkubwa, umepona." Kumbe hajapona.

Mwenzetu mmoja alirudi hivyo. Alitaka kusema "moto", mdomo ukatoa "maji". Alisahau kama amekwisha kula. Watu wawili wakiongea kwa wakati mmoja, alikasirika na kutoka nje. Kartie nzima ikasema anakunywa, wengine wakasema, "Bamemuloga juu ya dhahabu." Na sisi wa sendika tulikosa pia. Tulimwacha arudi ku shimo, na huko akasahau kujifunga kamba. Wenzake walimuwahi akiwa tayari mdomoni mwa shimo. Aibu ile ndiyo inatuandikisha leo.

Ubongo ndio unaopanga maneno, unaoshika kumbukumbu, unaozuia hasira. Ukipigwa na jiwe, ukikosa hewa kwa sababu ya moshi wa moto-pompe ndani ya shimo, au mshipa wa damu ukiziba ama kupasuka kichwani, yaani kiharusi, ile tunayoita AVC, kazi moja inaweza kuharibika na nyingine ikabaki. Mtu anakosa neno, huku anajua vizuri anachotaka. Mwingine anaongea sawasawa, lakini hawezi tena kupanga mambo mawili moja baada ya lingine.

Jambo hili si geni kwa watu wa mawe. Mwaka 1848 kule Marekani, Phineas Gage alikuwa msimamizi wa kupasua miamba kwa baruti, njia ya reli ipate kupita. Baruti ililipuka mapema, na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kikaingia chini ya shavu na kutokea juu ya kichwa. Aliishi karibu miaka 12 tena, akitembea na kusema. Lakini marafiki walisema huyu si Gage wao: mkali, hashiki mpango. Kampuni haikumrudishia nafasi yake. Hakuna aliyemloga. Ubongo uliumia.

Kuna kazi ya watu wanaosaidia wagonjwa wa namna hii. Kwa Kifaransa tunawaita waortofonisti. Hawachomi sindano. Wanamfundisha mgonjwa upya kutafuta neno, kufuata mazungumzo, kukumbuka, kupanga shughuli ya siku, mara kwa mara, kidogo kidogo. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha watu wa kazi hiyo mwaka 2008. Kwa hiyo musiseme ni mambo ya Wazungu tu.

Mke wa mwenzetu hakungojea mtu kutoka Kampala. Yeye anauza samaki. Kila asubuhi aliweka samaki mbele ya mume wake: ndagala, mukeke, sangala. Akiuliza jina, alinyamaza na kungojea. Neno likikataa kutoka, alimpa mwanzo wake: "Sa…" Alimwandikia kazi za siku mu kaye, moja moja, na redio ilizimwa wakati wa kuongea. Hiyo kila nyumba inaweza. Sema kwa kifupi, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Uliza maswali ya ndiyo au hapana. Usipige kelele, masikio yake hayajafa. Usimcheke, na usimjibie kabla hajajaribu. Hata mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, usimpime kila siku kwa kumuuliza, "Mimi nani?" Mwambie jina lako, kisha endelea na habari.

Lakini kuna mambo ya kukimbilia hospitali siku ileile. Mtu amepigwa kichwa, kisha anatapika, anasinzia ovyo, anatetemeka kwa degedege au anaongea bila mpango: musimlaze mu nyumba. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno yamevurugika ghafla: ni kiharusi, musingojee asubuhi.

Sasa upande wa haki. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu ajali za kazi kati ya mambo yanayolipiwa na CNSS. Inamfaa mfanyakazi ambaye mwajiri wake amemwandikisha. Mchimbaji wa mkono ana mwajiri gani? Ana PDG tu, na PDG haandikishi mtu. Lakini tangu Kodi ya Madini iliporekebishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mkono anatakiwa kuwa ndani ya kooperative, na kooperative inachukua makato. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja, aliyepigwa kichwa asirudi shimoni mpaka mganga amempima, na fungu lake lisikatwe. Pili, sanduku la kooperative limlipie mafunzo ya kusema na kukumbuka, kama linavyolipia mguu. Tatu, wakubwa wa afya wa Kivu ya Kusini walete mwalimu afundishe wauguzi na watu wa kine wa Uvira, Baraka na Kamituga.

Pale Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, watu wapatao 50 waliripotiwa kufa shimoni baada ya mvua. Wafu tunawahesabu, na ni haki. Lakini wanaotoka hai na kichwa kimeumia, nani anawaandika? Tuanze sisi, shimo kwa shimo.

Mwenzetu hakurudi kuchimba. Leo anahesabu vikapu vya samaki hapa bandarini, kaye mkononi. Ukimsalimia, mupe muda. Jibu litakuja.