Umri wa Kondoo na Madai ya Umaskini wa Lugha

Katika mijadala yetu ya tafsiri hudaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili ni maskini mbele ya Kiingereza, na kondoo akatolewa kuwa ushahidi. Naam, wakulima wa Uingereza ya zamani walikuwa na msamiati wa kustaajabisha. Mwanakondoo akishaachishwa ziwa aliitwa hogg mpaka anyolewe sufu mara ya kwanza, kisha akawa shearling. Jike kijana ambaye hajazaa aliitwa gimmer huko kaskazini, neno lenye asili ya Skandinavia. Kwingineko aliitwa theave. Dume aliyehasiwa ni wether. Jike mkongwe aliyepukutika meno ni crone, jina wanalowabandika pia ajuza wao (adabu hiyo tuwaachie wenyewe).

Lakini maneno haya yanapima nini? Si miaka, bali mkasi, uzazi na meno. Kondoo ana meno manane ya mbele, yote katika utaya wa chini. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota akiwa na mwaka mmoja na ushei, kisha huongezeka jozi kwa jozi hadi kinywa kijae akikaribia miaka minne. Mnunuzi mnadani alifunua mdomo tu akajua umri na bei. Utajiri wa Uingereza ya enzi za kati ulitegemea sufu, hata Spika wa Bunge la Malodi hukalia mto wa sufu mpaka leo. Pato ndilo lililozaa maneno.

Nasi tunayo yetu: mtamba, mfarika, maksai. Kosa ni la mtafsiri anayeandika "kondoo" kila mahali akapita. Chukua riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1874, Far from the Madding Crowd. Mbwa wa Gabriel Oak anawafukuza kondoo wake mia mbili hadi gengeni wakaangamia. Walikuwa majike wenye mimba. Mtafsiri asiyelisema hilo amemwibia msomaji nusu ya hasara, kwani Oak amepoteza pia kundi la mwaka unaofuata.

Kwa maoni yangu, gimmer aitwe mtamba wa kondoo, na wether, maksai wa kondoo. Kwa hogg ningeandika "kondoo asiyenyolewa bado", hata kama ni maneno matatu dhidi ya moja.