Monterrey na daftari lisilokamilika

Mara kwa mara nimewasikia wasomi wenzangu wa uchumi wakidai kwamba utajiri wa Monterrey, mji mkubwa wa kaskazini mwa Mexico, umetokana na ujirani wake na Marekani. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi.

Mji huo uliasisiwa na Diego de Montemayor mwaka wa 1596, na kwa muda mrefu ukabaki mji mdogo wa pembezoni. Kilichoubadilisha ni viwanda vilivyozaana. Mwaka wa 1890 kilianzishwa kiwanda cha bia cha Cuauhtémoc. Bia ilihitaji chupa, na mwaka wa 1909 kikazaliwa kiwanda cha vioo. Kampuni ya chuma ya Fundidora ilikuwa tayari imeundwa mwaka wa 1900. Viwanda navyo vilihitaji wahandisi. Kwa hivyo mwaka wa 1943 wenye viwanda, wakiongozwa na Eugenio Garza Sada, waliasisi taasisi ya juu ya teknolojia ambayo ingali mashuhuri hadi leo. Huo si ujirani, ni mipango.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Fundidora ilifilisika mwaka wa 1986 na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Mwaka wa 2022 bwawa la Cerro Prieto lilikauka karibu lote, wananchi wakapata maji kwa saa chache tu kwa siku, ilhali baadhi ya viwanda vilikuwa na visima vyao.

Nami, nikiwa mwanaisimu, sina budi kutaja hasara isiyoandikwa katika hesabu yoyote. Lugha za wenyeji wa asili wa eneo hilo zilikufa zamani. Kinahuatl kinachosikika mjini humo leo kimeletwa na wahamiaji kutoka majimbo mengine, wengi wao wakiwa wanawake watumikao katika nyumba za watu.

Sibezi viwanda, kwani bila hivyo vijana hawana kazi. Ninalopinga ni kuuita mji tajiri kabla ya kuuliza ni nani anayekosa maji na ni nani asiyesikika. Atakayetuhimiza sisi Wakenya tuige Monterrey, basi na atufunulie daftari zima, si ukurasa wa faida peke yake.