Ukurasa wa Familia: Paka Akiuma

Mwezi huu tuongee juu ya paka. Wengi wetu hapa kambini tunamfuga kwa sababu ya panya. Posho ikishagawiwa, unga na maharage vinakaa mule mule tunamolala, na panya wanajua. Paka ndiye mlinzi wetu. Lakini mlinzi huyu mara nyingine anauma, hasa mtoto anayecheza naye.

Paka haumi bure. Akiwa mdogo anajifunza kuwinda, na tukimchezesha kwa vidole tunamfundisha kwamba mkono ni panya. Aliyetolewa kwa mama yake kabla ya wiki 8 anazidi, maana hakupata ndugu wa kumfundisha kuuma polepole. Wengine wanauma kwa woga: kavutwa mkia, kabanwa, au ana watoto wake karibu. Na paka mpole anayebadilika ghafla huenda ana maumivu, labda jino au kidonda.

Kabla ya kuuma anatoa taarifa. Mkia unapigapiga, masikio yanalala nyuma, ngozi ya mgongo inatetemeka. Hapo amesema "basi". Tuwafundishe watoto kumwachia.

Akishika mkono kwa meno, usiuvute kwa nguvu, utachanika. Tulia, akiachia ondoka, mchezo umekwisha. Kumpiga hakusaidii: kipigo kinaongeza woga, na woga ndio unaouma. Mpe kitambaa kilichofungwa kwenye kamba akimbizane nacho.

Sasa kidonda. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Tundu linajifunga upesi na uchafu unabaki ndani; kesho yake mkono umevimba na una moto. Tena paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuambukiza kichaa hicho kwa mate yake. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini chanjo ikianza mapema, inazuia.

Kwa hiyo:
1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Tunajua foleni ya bombani, lakini maji haya si ya kubania.
2. Usitie majivu, mafuta wala dawa ya majani.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Uliza juu ya chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Ukipewa tarehe za kurudi, rudi zote.
4. Usimuue paka wala kumfukuza. Mfungie, mwangalie siku 10. Akibaki mzima, mwambie muuguzi. Ila usingoje siku hizo zipite ndipo uende!
5. Paka anayetoka mate, asiyeweza kumeza au aliyegeuka mkali bila sababu, msimshike. Mwiteni bwana mifugo au viongozi wa kijiji.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto anayeogopa fimbo anaficha kidonda, anasema ni mwiba tu. Tumwambie leo, kabla hajaumwa: ukiumwa na paka au mbwa, njoo useme, hatutakuchapa. Ahadi hiyo tuitimize, maana akinyamaza hatutajua mpaka tumechelewa.