Muswada umefika wapi, na unamgusa nani?

Kuanzia toleo lijalo jarida letu litakuwa na ukurasa wa miswada: ile ambayo wabunge wa huku Minnesota wanaipeleka Washington, ikielezwa kwa Kiswahili cha nyumbani. Wasomaji wameuomba ukurasa huu muda mrefu. Baadhi yao wametupa na njia ya mkato: chukueni maelezo yanayotolewa na ofisi ya mbunge kila anapowasilisha muswada, yatafsirini, yachapeni, kazi imekwisha. Hapo tumekataa, na tunadaiwa sababu.

Maelezo ya mwenye muswada si ya uongo. Ni maneno ya mtu anayenadi mali yake. Yatakwambia muswada utamaliza tatizo fulani na kuwalinda watu fulani. Hayatakwambia umelala kwenye kamati gani, nani ameachwa nje, wala kwamba mwenzake wa mwaka juzi ulikufa kimyakimya. Na miswada hufa kwa wingi. Kongresi ya 113, ya mwaka 2013 na 2014, ilipelekewa miswada zaidi ya 8,000 ikatoa sheria 296. Kila baada ya miaka miwili Kongresi mpya inapoapishwa, ambayo haijapita inafutika yote, na mwenye nia huanza upya kwa namba mpya. Ndiyo maana ile picha ya muswada inayozunguka kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp, yenye wino mwekundu na "sambaza kwa wote", mara nyingi ni picha ya maiti.

Tuangalie jambo linalomgusa kila mtu wa hapa, yaani pesa tunazotuma nyumbani.

Desemba 2011 benki moja ya huku ilifunga akaunti za kampuni za hawala za Wasomali, kwa kuogopa mkono wa sheria za kuzuia ufadhili wa ugaidi. Mbunge wa Minneapolis wakati ule alikuwa Keith Ellison, ambaye sasa ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Alipeleka muswada uliopewa namba H.R. 4386, Baraza la Wawakilishi likaupitisha Mei 2014, Seneti ikaridhia, na Rais Obama akautia saini Agosti mwaka huohuo. Muswada mfupi wa mbunge mmoja kufika mwisho wa safari ni jambo la nadra, na watu walikuwa na haki ya kufurahi. Mtaani habari ikawa moja: Ellison ametufungulia njia ya kutuma pesa.

Ukifungua sheria yenyewe unakuta jambo dogo zaidi. Kampuni za kutuma pesa zilikuwa zikikaguliwa na jimbo, kisha zikaguliwe tena na serikali kuu kwa mambo yaleyale. Sheria inasema Waziri wa Fedha anaweza kutegemea ukaguzi wa jimbo, iwapo jimbo hilo linasimamia masharti yaleyale ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Basi. Anaweza; halazimiki. Na benki haijaambiwa lolote. Hakuna mstari unaoiagiza benki kufungua akaunti ya hawala au kuiacha wazi. Tumaini lilikuwa kwamba ukaguzi ukipungua gharama zitashuka na hofu ya mabenki itapoa, na lilikuwa tumaini la busara, lakini tumaini halikuandikwa kwenye kifungu. Februari 2015, miezi sita baada ya saini ya Rais, benki ya California iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya pesa zinazokwenda Somalia nayo ikajitoa. Watu wakashangaa: si kuna sheria? Sheria ilikuwapo, ila haikuwahi kuahidi kile walichoambiwa kwamba imeahidi.

Hatumlaumu Ellison. Alifanya kilichowezekana. Tunaowalaumu ni sisi waandishi na wasimuliaji wa jumuiya, tuliobeba furaha tukaacha kifungu.

Mwaka 2025 ukaja muswada mwingine kuhusu pesa hizihizi, na safari hii ilikuwa hofu badala ya furaha. Ulikuwa muswada mnene wa kodi na matumizi, H.R. 1, uliowasilishwa na Jodey Arrington wa Texas, mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti.   Rasimu ya kwanza, mwezi Mei, ilitaka asilimia 5 ya kila pesa inayotumwa nje na mtu asiye raia. Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura tarehe 22 Mei, kiwango kilikuwa asilimia 3.5, raia amesamehewa, mwenye grinikadi analipa. Seneti ikashusha hadi asilimia 1, na katikati ya kushusha huko ikageuza kabisa anayeguswa. Saini ikawekwa tarehe 4 Julai.

Kwa chini ya miezi miwili, basi, maelezo matatu tofauti yalikuwa ya kweli, kila moja kwa wiki zake. Vikundini yalibaki yote matatu. Hadi leo wapo wazee wetu wanaoamini kwamba mwenye grinikadi hukatwa na raia hakatwi.

Sheria inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2026 haimwulizi mtumaji pasipoti. Inaangalia amelipa kwa nini. Mama anayeingia dukani na noti mkononi ili atume dola 300 Bukavu atatoa dola 3 za kodi, juu ya ada ya kawaida ya duka. Akilipa kwa hati ya malipo aliyoinunua posta au hundi ya keshia, ni vilevile. Akilipa kwa kadi ya benki ya Marekani, iwe ya akaunti au ya mkopo, hakuna kodi. Akituma kwa simu na pesa ikatoka kwenye akaunti yake ya benki ya hapa, hakuna kodi. Upande wa pili haujalishi: ndugu apokee kwa M-Pesa, kwa Airtel Money au kwa wakala wa Kariakoo, sheria haina habari naye. Na yule aliyekula kiapo cha uraia miaka ishirini iliyopita, akipenda kulipa taslimu, atakatwa kama mgeni wa juzi.

Nani basi anaibeba kodi hii? Asiye na akaunti. Aliyefika karibuni, anayelipwa kwa noti, bibi anayetunza wajukuu na kuwekewa chake kwenye bahasha. Kwa maoni ya jarida hili ni kodi isiyo na heshima, maana inamkamata aliye chini na kumpita mwenye nafasi. Lakini hata anayeiunga mkono atakubali kwamba bibi yule angestahili kuambiwa mapema, kwa lugha yake, kwamba kadi ya benki inamwondolea mzigo. Sentensi moja tu. Sisi tulikuwa tukisambaza asilimia 5.

Sasa tuje kwa mbunge tuliye naye. Ilhan Omar tunampenda kwa sababu zetu. Utotoni aliishi takriban miaka minne katika kambi ya Utange, nje kidogo ya Mombasa, kabla ya kuletwa Marekani mwaka 1995, na wapo kati yetu wanaoijua njia ya Utange kwa miguu. Mapenzi hayo ndiyo hasa yanayotufanya tusichape maelezo ya ofisi yake bila kuyapima. Unayempenda humkagui.

Chukua chakula cha shule. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa korona, Omar aliwasilisha muswada mfupi. Sheria ya zamani iliizuia Wizara ya Kilimo kulegeza masharti ya chakula cha shule pale ambapo kulegeza kungeiongezea serikali kuu gharama. Muswada wake uliondoa kizuizi hicho kwa shule zilizofungwa kwa ajili ya ugonjwa. Ukiutafuta muswada huo kwa namba yake utaona haukupita, na mtu mwenye haraka atasema ulishindwa. Haukushindwa: maneno yake yalimezwa na sheria kubwa ya dharura ya familia iliyotiwa saini tarehe 18 Machi 2020. Kongresi hufanya hivyo kila mara, na ndiyo maana kuhesabu miswada iliyopita kwa jina la mbunge hakumpimi mbunge.

Upande wa pili upo muswada wake mkubwa, aliousukuma pamoja na Seneta Bernie Sanders mwaka 2019, 2021 na 2023, wa kumpa kila mtoto wa shule nchini chakula bure. Huo haujapita. Hata hivyo watoto wetu wanakula bure shuleni Minnesota, na wazazi wengi wanaunganisha mambo mawili wakaipa Washington shukrani. Chakula hicho kinatoka St. Paul. Ni sheria ya jimbo, iliyotiwa saini na Gavana Tim Walz Machi 2023. Tofauti hii si ya kujionyesha ujuzi: siku chakula hicho kikitishiwa kupunguzwa, mzazi lazima ajue mlango wa kubisha, na anayempigia mbunge wa Washington atakuwa amebisha nyumba ya jirani.

Kuna watakaouliza kwa nini tusisome miswada yenyewe. Jaribuni. Sehemu kubwa ya muswada wa Marekani huandikwa kwa kurekebisha sheria nyingine: katika kifungu fulani, aya fulani, futa maneno haya, ingiza haya. Bila kuwa na sheria ya zamani pembeni huambulii kitu. Mwaka 2010 Kongresi ilipitisha sheria ya uandishi mwepesi, muswada wa Bruce Braley wa Iowa, inayozitaka idara za serikali ziandike barua, fomu na maelezo yanayoeleweka na mwananchi. Kongresi yenyewe haikujiwekea sharti hilo. Msaada upo kidogo: watafiti wa Kongresi walio chini ya Maktaba ya Kongresi huandika muhtasari wa miswada usioegemea mwenye muswada wala mpinzani wake, na tutaanzia hapo kila tutakapoweza. Ni mkavu kama muhogo wa juzi, lakini hauuzi kitu.

Nyumbani wametutangulia. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za makabila yao, wakauchambua kipengele kwa kipengele kwenye TikTok: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 kwa magari, ushuru kwenye mafuta ya kupikia. Serikali ilianza kuondoa baadhi ya vipengele, ule wa mkate ukiwa miongoni mwa vya kwanza. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, vijana wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Mtu anaweza kubishana juu ya mengi yaliyotokea siku zile. Hawezi kusema watu hawakujua wanachokipinga. Tanzania nayo, tangu marekebisho ya 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Hatua njema, ingawa aliyewahi kusoma sheria ya fedha kwa Kiswahili anajua kwamba inawezekana kuandika Kiswahili fasaha na msomaji asitoke na kitu.

Katika ukurasa wetu kila muswada utapewa namba na Kongresi yake, kisha tutasema upo wapi leo: kamatini, umepita chumba kimoja, au umekwisha kuwa sheria. Tutasema unamgusa nani na kumwacha nani, kwa mfano wa mtu na kiasi cha pesa inapowezekana. Palipo na "anaweza" hatutaandika "atafanya". Tutaeleza anachosema mwenye muswada na anachosema mpinzani mwenye hoja, tukionyesha wazi ni maneno ya nani. Maoni ya jarida yatabaki hapa kwenye tahariri. Muswada ukibadilika, maelezo ya zamani tutayarudia yakiwa na alama kwamba yamepitwa, badala ya kuyaacha yazunguke. Na hatutajifunga kwa miswada ya wabunge wetu peke yake, maana mmeona muswada wenye kodi ya kutuma pesa uliwasilishwa na mbunge wa Texas.

Jambo moja bado linatusumbua. Kiswahili cha wahariri wa jarida hili ni cha Nairobi na Dar es Salaam, na wasomaji wetu wanaoongezeka kwa kasi ni wa Kivu na Katanga, ambao wametuambia bila kutuficha kwamba maneno kama "muswada" na "kifungu" hawayatumii. Wao wamezoea Kifaransa katika mambo ya serikali. Kwa hiyo kabla ya kuchapwa kila ukurasa utasomwa kwa sauti mbele ya watu wawili wa Bukavu au Lubumbashi, na pale watakapokwama ndipo tutakapoandika upya. Tunatafuta watu hao sasa. Hawahitaji kujua sheria, wala Kiingereza. Waje kwenye mkutano wa jumuiya wa mwezi ujao, waulize meza ya jarida, iko karibu na chai.