Mafundi wa kompyuta, muache kufuta kazi za watu!

Bukavu. Kompyuta yangu ilikataa kuwaka. Nilijaribu kurudisha mfumo wake, ikafika asilimia 35, ikajizima, ikaanza tena. Fundi wa kwanza hakuuliza swali hata moja: «Leta dola 15, tunaformati.» Ndani mulikuwa sauti za wamama wa soko, kazi ya miezi mitatu!

Nasema wazi: huo si ufundi. Mfumo ukishindwa kurudi, kuna sababu. Pengine diski imeanza kufa. Pengine ile sehemu ya diski inayotunza mfumo wa akiba imeharibika. Pengine umeme ulikatika katikati na betri haishiki tena. Kuformati diski inayokufa ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, na mwenye nyumba anapoteza vyote vilivyokuwa ndani.

Fundi wa kweli anaanza kwa kuokoa. Anawasha mashine kwa flashi yenye Linux, anakopi mafaili kwenye diski ya nje. Kisha anapima diski. Ikiwa nzima, anaweka Windows upya kwa flashi ya GB 8. Ikiwa mbovu, anaibadilisha. Ndivyo fundi wa pili alivyofanya, na sauti za wale wamama zikapona.

Nasi wateja tuna kosa: tunataka haraka na bei ya chini. Ndugu msomaji, kabla ya kulipa uliza: «Mafaili yangu utayaweka wapi?» Akikosa jibu, beba mashine yako, uende.