Ukiambiwa Upitie Busia, Simama

Tahadhari hii isomwe leo. Kama umepoteza kazi, iwe ya kompyuta, ya kiwandani au ya forodhani, na kuna mtu amekuahidi kazi Thailand au Malaysia, kisha akakwambia usipande ndege Nairobi bali uje Busia, uvuke mpaka, ulale Tororo au Kampala halafu uondokee Entebbe, usivuke. Rudi nyumbani. Na kama una mtoto, mdogo wako au jirani aliye ndani ya basi la usiku akielekea magharibi, naye hakueleza vizuri anakwenda kufanya nini Uganda, mpigie simu sasa hivi. Makala haya yatakusubiri.

Naandika nikiwa Busia, mji ambao ndio uliozaa neno bodaboda, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu kutoka boda moja hadi boda ya pili. Kuvuka kwetu si habari. Mteso wa Malaba ana shangazi Tororo, Msamia ana shamba upande huu na kaburi la babu upande ule. Tangu 2014, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tu, bila pasipoti. Neema hiyo tuliipigania, na sitaki mtu aiguse. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayomfaa mlaghai: kijana mwenye begi moja na kitambulisho mkononi hapa kwetu hatazamwi mara mbili.

Najua pia jinsi anavyofika hapa akiwa amekwisha kuchoka moyo, kwa sababu nami nilimwaga unga papa hapa. Nilikuwa ajenti wa forodha. Lori la mzigo wa Kampala lilikuwa likisimama Busia au Malaba siku kadhaa likingoja karatasi, na kila siku ya kungoja ilikuwa riziki ya mtu: ajenti, karani, mwenye mashine ya fotokopi, mama wa chapati, mwenye gesti. Mwaka 2014 ikaja Himaya Moja ya Forodha. Mzigo wa Uganda ukaanza kulipiwa ushuru mara moja, makaratasi yakiishia Mombasa kabla lori halijaondoka bandarini. Februari 2018 marais wawili wakaja kuzindua Kituo cha Pamoja cha Mpakani, dereva akawa anasimama mara moja badala ya mbili. Ilikuwa kazi njema kwa biashara, na siwezi kuilaani. Ila ofisi niliyofanyia kazi ilitupiga kalamu mmoja baada ya mwingine, bila hata barua.

Kwa wiki tatu nilitoka nyumbani kila asubuhi na shati langu jeupe na kalamu mfukoni, nikaenda kukaa chini ya mwembe nyuma ya soko ili mke wangu asijue. Siku zile angenijia mtu na tiketi mkononi, nisingemwuliza hata jina lake. Na wenzangu waliobaki ofisini hawakuwa na amani kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeshajua. Wao walikuwa wakisikia mlango ukifunguliwa wanashtuka. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani mawindo ya walaghai ni aliyekwisha kufukuzwa. Hapana. Anayengoja kufukuzwa naye anasoma matangazo ya kazi usiku kwenye simu, tena kwa siri zaidi.

Sasa watu wa namna hiyo wameongezeka, na safari hii wengi ni wa kompyuta. Januari 2023 kampuni ya Sama ya Nairobi ilitangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, na wafanyakazi wapatao 260 wakaambiwa nafasi zao zimekwisha. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, ambako vijana walikuwa wakifundisha mashine za akili mnemba kwa malipo ya vipande vipande, liliwafungia Wakenya mlango kwa barua pepe. Mtu aliamka akakuta hawezi kuingia kwenye akaunti. Kwenye chimbuko lenyewe la hizo mashine, yaani viwanda vya chipu, mambo hayakuwa afadhali: Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza watu zaidi ya 15,000, na 2025 ikaendelea kukata. Wakati huohuo huku kwetu chipu ikawa neno la matumaini. Kuna karakana ya Semiconductor Technologies katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, na Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ikaahidi kuisaidia Kenya katika sekta hiyo. Kijana wa Funyula au Nagongera aliyesomea elektroniki anasikia yote mawili kwa pamoja, kwamba kazi ipo na kwamba kazi imekwisha. Hapo katikati ndipo anaposimama dalali.

Neno lolote linalotajwa redioni wiki hii, wiki ijayo limo kwenye tangazo la dalali. Jana ilikuwa huduma kwa wateja, leo ni kuunganisha vifaa vya elektroniki, kesho itakuwa chipu. Tazama anachokitafuta hasa: mtu anayejua Kiingereza vizuri, mwepesi kwenye kibodi, aliyezoea zamu za usiku na kuzungumza na watu asiowaona. Huyo ndiye hasa aliyeachishwa Nairobi.

Anakopelekwa si kiwandani. Ndege inatua Bangkok, naye anaingia kwa viza ya utalii. Gari linamngoja nje, linakwenda karibu kilomita 500 hadi Mae Sot, mji wa mpakani kama huu wetu. Kutoka hapo anavushwa mto Moei kwa mtumbwi, anajikuta Myawaddy, Myanmar, ndani ya majengo yaliyozungushiwa ukuta na walinzi wenye bunduki. Pasipoti inachukuliwa. Anakabidhiwa simu na picha za mwanamke au mwanamume mzuri, kisha anaambiwa awatongoze watu wa Ulaya na Marekani mpaka waweke fedha zao katika biashara ya uongo ya sarafu za kidijitali. Wenyewe wanaiita kazi ya kumchinja nguruwe: kwanza unamnenepesha. Asiyefikisha kiwango anapigwa au anatiwa shoti ya umeme. Anayetaka kuondoka, jamaa zake wanaambiwa walipe maelfu ya dola.

Si hadithi za stendi hizi. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 wanashikiliwa hivyo Myanmar, na wengine 100,000 hivi Kambodia. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukienda upande ule wa mto, na kwa wiki chache watu wapatao 7,000 wakatolewa kwenye majengo hayo. Katika kundi la kwanza kuvushwa kurudi Thailand, Waethiopia ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Wakenya walikuwemo.

Nirudi kwenye mpaka wetu. Kwa nini Busia? Kwa sababu kila mara nchi moja inapokaza mkono, walaghai humhamishia mtu kwa jirani. Kenya iliposimamisha mawakala wa kupeleka wafanyakazi Ghuba mwaka 2014, watu walipitishwa Uganda. Uganda ilipopiga marufuku kupeleka wasichana wa kazi Saudia Januari 2016, mabasi yakawaleta huku, wakavuka Busia na Malaba kwenda kupanda ndege Nairobi. Sisi tuliokuwa barabarani tuliwaona, wasichana kumi kumi wamevaa fulana za rangi moja, na hatukusema kitu. Njia haikufutwa. Inageuzwa tu mwelekeo kulingana na soko la msimu.

Dalali ana jibu tayari. Atakwambia Entebbe ni karibu. Kwa mtu wa Busia ni kweli, Entebbe ni karibu kuliko Nairobi, na wako wanaoitumia kihalali kabisa. Lakini wewe unayekaa Kayole au Thika, uwanja wa Jomo Kenyatta uko mlangoni kwako, unapandishwa basi la usiku kucha kwenda kutafuta ndege nchi nyingine. Jiulize ni swali gani la afisa wa uhamiaji Nairobi ambalo mwenyeji wako anaogopa ulijibu. Na ikiwa amekupitisha kwa njia ya panya nyuma ya nyumba za watu, ujue huyo anayekuvusha usiku hapa ndiye mwenzake anayekuvusha usiku Moei. Ukipotea, hakuna daftari la serikali litakaloonyesha kwamba ulitoka Kenya.

Kuhusu kiwanda cha chipu Malaysia, nakupa kipimo kimoja kinachotosha. Ni kweli Penang imejaa viwanda vya kufungasha na kupima chipu, na ni kweli vinaajiri wageni. Lakini kwa kazi za kawaida za kiwandani Malaysia ina orodha ya nchi 15 tu inakoruhusu kuchukua wafanyakazi, kama Bangladesh, Nepal na Indonesia, na zote ni za Asia. Kenya haimo. Uganda haimo. Mhandisi mwenye shahada na uzoefu anaweza kupata kibali cha namna nyingine, na kampuni ndiyo inayomwombea kabla hajasafiri. Kijana wa kidato cha nne anayeahidiwa laini ya chipu Penang ameahidiwa kitu ambacho sheria ya kule haikitambui. Thailand nayo humtaka mwajiriwa awe na viza ya kazi. Ya utalii haimpi mtu ajira.

Wasichana nao wana mtego wao, tena huu una tovuti nzuri na tiketi ya bure. Mpango wa Alabuga Start wa huko Tatarstan, Urusi, umekuwa ukiwaita wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22, Waganda na Wakenya wakiwemo, kwa mafunzo ya kazi. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza kwamba wengi waliofika waliwekwa kuunganisha droni za kivita. Aprili 2024 droni za Ukraine zilikuwa zimekwisha kupiga hosteli pale pale. Ukisikia kazi ya elektroniki Urusi, ujue unaitwa kwenye shabaha.

Suala la fedha nalo lipo. Sheria ya Kenya ya ajira inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja na kumlipa mfanyakazi mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Dalali anaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Ndiyo maana bei yake ya kukushughulikia hufanana ajabu na kiinua mgongo chako. Wa kazi za mtandaoni hawakupewa hata hicho, kwa hiyo wanaambiwa watalipa kwa kukatwa mshahara, na hapo deni linakuwa mnyororo kabla hawajafika.

Sitamwambia mtu asiende kutafuta. Serikali yenyewe imekuwa ikihubiri kazi majuu, na watu wameenda wakajenga. Nenda, ila wakala awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa Kenya, au ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kwa Uganda. Usitegemee cheti anachokutumia kwa simu. Angalia orodha mwenyewe. Mkataba uusome ukiwa bado nyumbani, uwe na jina la mwajiri na mji, na nakala umwachie mtu. Anayekwambia usimwambie mtu mpaka ufike, huyo umekwisha kumjua.

Na nyinyi waajiri mnaopunguza watu, msiwatoe watu kazini kwa barua pepe ya usiku. Wiki nne za kujua ukweli humpa mtu nafasi ya kuuliza.

Wenye bodaboda, wenye gesti za Busia na Malaba, na mabinti wa kubadilisha fedha, maneno haya ya mwisho ni yenu, maana nyinyi ndio mnaowaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Sheria ya Kenya ya 2010 inamfunga msafirishaji wa binadamu miaka isiyopungua 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na anayemficha naye ana adhabu yake. Mabasi ya Nairobi hufika hapa alfajiri. Akishuka kijana anayeulizia njia ya kukwepa geti, muulizeni anakwenda kwa nani na mtu huyo anaitwa nani. Akishindwa kujibu, msimvushe. Mpelekeni kwa afisa wa uhamiaji getini, au pigeni simu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ya Kenya, 0800 722 203. Ni bure.